Chavua ya Mikocheni

Kopo la rangi, lita nne, nembo imeliwa na kutu.
Ndani yake mtapo mdogo: majani sita
makavu kama ukili, yenye ncha za kuchoma.
Shina hulioni. Limejivuta chini,
limekaa udongoni kama muhogo unaoficha urefu wake.
Wateja wa Gongo la Mboto huuliza bei,
kisha huuliza, "Unakua lini?"
Nawaambia: unakua.
Wananunua asumini.

Miaka kumi na tisa sikujua ni dume au jike.
Mpapai hukupa jibu kabla mwaka haujageuka;
huu ulinitazama nikiolewa, nikiachika,
nikimsomesha Mwajabu hadi kidato cha sita,
ukatoa jani moja kila masika,
na mwaka mwingine hata hilo ukalinyima.

Niliwahi kufukua pembeni mwa kopo.
Nikakuta mizizi inapanda badala ya kushuka,
imetawanya vidole kama matumbawe,
yale yaliyojengea kuta kuukuu za Kunduchi.
Nikakata kidole kimoja kwa wembe: ndani, duara la kijani,
kijani cha gizani, ambako jua halina kazi.
Wapangaji wasioonekana kwa jicho
wanakamata hewa na kuigeuza mbolea,
mwenye nyumba anawalisha sukari.
Nikafukia. Nikaomba radhi.

Bibi Mwasiti alinisimulia mwaka wa njaa:
mbegu nyekundu, zimepasuliwa, zimelowekwa Msimbazi
siku saba, sumu iondoke na maji.
"Siku ya tano mdogo wangu hakusubiri."
Hapo alinyamaza, kila mara hapo,
akachukua ungo, akapepeta mchele uliokwisha pepetwa.

Mwaka huu, mwezi wa pili, katikati ya majani
kikachomoza kitu kama hindi bichi lililokaza maganda.
Kikanenepa. Magamba yakaachana unene wa kucha.
Jike.
Jike peke yake, Gongo la Mboto nzima,
na mlango ule hukaa wazi siku chache tu.

Nikapanda Pugu kutafuta dume.
Pale nilipolijua, nikakuta shimo,
kingo zina meno ya sururu,
chini maji ya mvua na viluwiluwi.
Fukusi watatu walitambaa ukingoni,
wadudu wenye pua ndefu, matarishi
wa tangu dunia haijajua ua,
wanazunguka anuani iliyohamishwa.

Mti ulioibwa hauna siri, lori lina tanboi.
Mikocheni, geti jeusi, nyasi zilizonyolewa:
dume langu, limezungushiwa mawe meupe.
Mlinzi, Selestini Mchopa, akanisikiliza
geti likiwa limefungwa, kisha akafungua.
"Huu mti usiku unapata homa," akasema.
"Hiki kidude ukikigusa saa mbili kina joto kama mtoto,
halafu kinanuka. Nilidhani wamezika kitu."
Nikamwambia: ndivyo unavyoita.
"Unamwita nani?"
Fukusi. Lakini wamebaki Pugu.
Akatazama ukuta, na nyaya za umeme juu yake,
akaipima safari ile kwa miguu ya mdudu.

Alikitikisa mwenyewe. Chavua ikamwagika,
laini kama poda, njano iliyopauka,
ndani ya bahasha ya vidonge
iliyoandikwa moja mara tatu.
Aliomba nisimtaje.
Selestini si jina lake.

Usiku nikapuliza kwa mrija wa soda, gamba baada ya gamba,
fukusi wa kilo themanini
mwenye tochi mdomoni karibu aimeze.
Sijui kama imeshika. Itachukua miezi,
na mbegu zikiiva bado zitajivuta kuota,
na mimi magoti yangu hayana tena miaka kumi na tisa.

Jana mteja akasimama. "Na hiki cha kwenye kopo?"
Hakiuzwi.
"Kwani kina nini?"
Nikaushika mkono wake, nikamwonyesha:
anzia huku shinani, nenda na jani, usirudi nyuma.
Ukirudi nyuma linachoma.