Sekunde Saba

Cheti kilikuja kikiwa kidogo kama kifungo cha shati,
duara la kijani kwenye simu yenye ufa,
na jina langu limekosewa herufi moja:
Jokodu Zainabu, shule ya msingi, Koboko.

Shemeji akaitwaa simu, akaigeuza,
kana kwamba bei imeandikwa nyuma.
"Kinaongeza mshahara?"
Hakiongezi.
"Basi kinaliwa?"
Nikamwachia muhogo wake, nikaenda zangu.

Sikumweleza kilivyopatikana.

Diploma yangu imo sandukuni,
imekunjwa pamoja na risiti za ada;
miaka kumi na minane haijaniuliza kitu.
Hiki kidogo, kabla hata hakijawa changu, kiliniuliza:
ukishatoa swali, Mwalimu, unangoja kwa muda gani?

Nikacheka. Nangoja, bila shaka nangoja.
Nikaegemeza simu kwenye kopo la chaki,
watoto mia na wanne, dakika tatu za video,
na jioni nikapanda kichuguu nyuma ya vyoo
ambako mtandao hupita kama mgeni mwenye haraka.

Siku tisa. Kisha jibu, la mtu nisiyemjua:
"Umeuliza mara kumi na moja.
Umejijibu mwenyewe mara tisa.
Hesabu hadi saba, kimoyomoyo. Tuma tena."

Usiku ule godoro lilikuwa na mawe.
Niliwaona, darasa baada ya darasa,
midomo ndiyo kwanza inafunguka
nami nimeshageukia ubao.

Jumatatu. Umande wa asubuhi huenda wapi?
Moja. Mbili.
Vidole vya mstari wa mbele, vilevile vya kila siku.
Tatu.
Nne, kimya kinanikwaruza koo.
Tano, bati linalia kwa joto.
Sita, jibu liko mdomoni mwangu, nimeling'ata.
Saba,

na Lubari, akaaye mlangoni,
aliyevuka mpaka mwaka jana na mamake na sufuria moja,
ambaye sauti yake sikuwa naijua,
akasema:
"Hauishi, Mwalimu.
Umehama tu."

Kwenye video hapo picha inatikisika.
Ni mimi, nimeigusa meza.

Sasa nimejiandikisha kwa cha pili:
kusahihisha bila kuumiza.
Kalamu nyekundu nimempa shemeji, ahesabie madeni yake.
Ile herufi bado sijalalamika.
Nitapanda kichuguu siku moja, mvua ikikatika,
niwaandikie: ni u, si o.
Kisha nihesabu.