Siku ya Arobaini, Kiwandani

Kengele ya Kirumba ililia, sikwenda.
Nilikuwa na zamu:
gambuti, kofia ya wavu, kisu,
na sangara wa kilo tisa amelala ubavu
akinitazama kwa jicho moja.

Kwetu arobaini ni siku ya kuanua matanga.
Turubai hushushwa, sufuria za kuazima hurudi kwa wenyewe,
nguo za marehemu hugawiwa, shangazi hupata khanga,
na aliyefuata pilau hupanda basi la Magu.
Hivyo ndivyo tulivyomfanyia mama, mwezi wa pili.
Lakini arobaini hii sijui niiite nini:
aliyezikwa ndiye anayewaaga wafiwa,
na nguo zake zilishapigiwa kura tangu Ijumaa ile.

Jumapili, darasani, Ng'wigulu aliniuliza
(ana miaka saba, hana meno ya mbele):
"Mwalimu, alipofika juu, walimfuta makovu?"
Nikajibu haraka, kama mtu anayefukuza nzi:
mbinguni hakuna kidonda.
Akanitazama mikono. Akanyamaza.

Saa nne tulitoka kupumua.
Ziwani, upande wa Saanane, visubi walikuwa wameinuka,
mamilioni, nguzo nyeusi inayojizungusha,
mguu wake majini, kichwa hakionekani.
Tukasimama pale barafu inapopakuliwa,
mimi, Milembe, Nyamizi, yule binti mpya wa Ukerewe,
shingo nyuma, midomo wazi.
Ndipo wakatokea wawili, wamevaa makoti meupe,
wale wa kupima ubora wa samaki, karatasi mkononi:
"Kina mama, mbona mmesimama mnaangalia juu?"

Milembe akanitazama. Nikamtazama.
Tulicheka mpaka machozi,
na wale wanaume hawakujua wamesema nini.

Nikarudi mezani, glavu imechanika kidole cha shahada.
Hapa pana alama ya mwiba wa pezi,
hapa kisu kiliteleza mwaka ule ziwa lilipojaa,
hapa chumvi ya dagaa, urithi wa mama.
Nikakumbuka: aliondoka akibariki.
Mikono juu.
Basi kitu cha mwisho walichokiona,
kabla wingu halijafunga,
ni viganja.
Na viganja vile vilikuwa na matundu.

Hakuvivua mlangoni kama gambuti.
Aliingia navyo, ameketi navyo kuume,
na tangu siku ile huko juu kuna ngozi,
kuna kucha, kuna anayejua
maji ya chumvi yanavyouma penye mkato.
Kumbe tuna wa kwetu kule,
asiyelionea haya kovu lake.
Mama, nilikuvika glavu nyeupe kwenye jeneza
ili watu wasione.
Nisamehe. Zivue.

Jioni visubi walishuka, wakajaa kwenye taa ya getini.
Mlinzi aliwafagia kwa chelewa, ndoo mbili, za kuku wake.
Lile wingu lingine sijui lilishukia wapi.

Ng'wigulu, Jumapili nikumbushe.
Sikukujibu vizuri.