Maagizo ya Julai

Nereida, ufunguo uko chini ya chungu cha mkaktasi.
Usiushike mchana, utakubabua.
Njoo saa kumi na moja alfajiri,
Hermosillo ikiwa bado inapumua kwa pua,
kabla haijaachama.

Utamkuta mlangoni. Hajui kalenda, anajua hatua.
Tocino huyu ana uso uliokunjamana
kama barua iliyokaliwa kwenye basi,
na hewa hupenya puani mwake
kama watu kumi wanaogombea mlango mmoja.
Akikoroma, mzima.
Akinyamaza, acha vyombo, nenda kamtazame.

Kabla hamjatoka, laza mgongo wa mkono barabarani.
Hesabu hadi saba, usijipunje.
Ukiunyanyua kabla ya saba, rudini ndani;
yeye hana viatu.
Don Abundio atakuuliza kama kweli bibi yule
siku hizi anaamkia lami.
Mjibu: ndiyo, na lami humwitikia.

Maji ya bomba usiyaamini.
Tangi liko juu ya paa, limeshinda na jua;
saa saba hutoka chai isiyo na majani.
Mtungi nimeujaza, uko chini ya ngazi.
Bakuli moja jikoni, la pili karibu na feni,
maana yeye ni mvivu, atavumilia kiu
kuliko kuvuka sebule.

Uani kuna mchungwa.
Usimfunge hapo, hata kwa nusu saa.
Mbwa hufungika; kivuli hakifungiki.
Asubuhi kiko miguuni pake,
adhuhuri kimeruka ukuta kwa jirani,
mnyororo umebaki palepale.

Na gari.

Kabla ya Tocino alikuwepo Canica.
Nilisimama duka la dawa, dawa yangu ya presha,
watu watatu tu mbele yangu.
Vioo niliviacha wazi vidole vinne,
nikajiona mtu mwenye huruma.
Dakika kumi na moja. Risiti ninayo,
saa imechapwa chini ya bei.
Nilipotoka alikuwa amehamia kiti changu,
kidevu juu ya usukani,
kana kwamba amechoka kungoja, anataka kutupeleka nyumbani.
Nikakimbia ndani kununua barafu.
Nikapanga foleni tena, Nereida.
Nikapanga foleni.

Kwa hiyo usitafute barafu.
Ukiona ulimi umetanuka kama kijiko cha mbao,
mate mazito kama ute wa yai,
ufizi mwekundu kuliko matofali ya kanisa,
miguu inaulizana njia,
mwagie maji ya mtungi hapohapo:
tumboni, kwapani, nyayoni.
Mpepee kwa feni, kwa gazeti, kwa sketi yako.
Taulo bichi usimfunike ukaliacha;
litageuka blanketi.
Akitaka kunywa, anywe; asipotaka, usimlazimishe.
Akiwa bado amelowa, mkimbize kwa daktari Úrsula,
madirisha yote chini, ukipiga simu njiani.
Hata akisimama na kutikisa mkia, mpeleke.
Mkia ni muungwana, hukuficha mambo.

Saa sita atakuletea kamba yake mdomoni.
Ana macho ya wakili.
Atalala mbele ya mlango, atashusha pumzi ndefu
utadhani umemnyima urithi.
Mkatalie.
Mimi nimekataliwa na wengi nikaishi.

Naenda Tijuana, binti yangu anajifungua,
nitarudi joto likichoka, au mimi nikichoka.
Umeme ukikatika, lala naye sakafuni kwenye ukumbi,
vigae vya kijani ndivyo vinavyochelewa kupata habari.

Tikiti liko kwenye friji, nimelikata.
Mbegu nimezitoa moja moja, miwani ikinidondoka.
Ni lenu wawili.
Sitauliza nani alikula zaidi.