Saa Nane

Kutoka Entebbe hadi Brasels
ni kilomita elfu sita mia mbili na ushei,
saa nane hewani kama upepo hauna kinyongo.
Nimeyajua haya kwenye makaratasi ya mizigo,
si kwa kukaa dirishani.

Mimi hukaa na kisu.
Zamu yangu huanza watu wakifunga milango:
buti nyeupe, kofia ya wavu, vidole vimekufa ganzi,
na sangara aliyevuliwa alfajiri upande wa Kigungu
ananifikia mezani akiwa bado amenikodolea jicho.
Natia kisu mgongoni, naufuata mfupa,
mnofu unatoka mzima
kama shuka inayovuliwa kitandani.
Barafu. Boksi. Kilo sita. Mhuri.

Mnofu hauulizwi una shilingi ngapi benki,
una mume, una shamba,
una nini cha kukurudisha.
Mkaguzi anaupima joto, anaandika: safi.
Kesho mchana uko Ulaya, umelala nyuma ya kioo.
Mimi nimeulizwa hayo yote, mara mbili,
na mara mbili pasipoti imerudi
nyepesi kama ilivyokwenda.

Nantongo aliondoka mwaka ule ziwa lilipoingia majumbani.
Meza yake ilikuwa hii ya kushoto.
Siku hizi tunagombania saa.
Namwambia nipigie saa tatu usiku,
ananipigia saa tisa,
nina damu ya samaki hadi viwikoni.
Dada yangu amezoea siku inayoanzia gizani;
yangu bado inasubiri jua.

Jumapili alinitumia picha.
Sahani, limau, kipande cha sangara.
"Bei yake ungezimia," aliandika.
Halafu, baada ya kimya kirefu:
"Nimekuona."

Maana kona ya mkiani mimi hukata mshazari.
Ni tabia mbaya, Ayebare msimamizi hunifokea kila wiki,
anasema wateja wanataka mstari ulionyooka.
Nantongo ndiye aliyenifundisha,
usiku wangu wa kwanza, mkono wake juu ya wangu.

Huenda alinidanganya.
Visu ni vingi kandokando ya ziwa hili,
na njaa ya nyumbani huona inachotaka.
Nimeikuza ile picha hadi ikawa vidoti vitupu,
sikupata kona wala mshazari,
nimepata uma, na kivuli cha mtu anayekula peke yake.

Sasa ni usiku wa manane.
Ndege ya mizigo inanguruma juu ya bati,
visu vinatetemeka kwenye sinia.
Saa nane, na atakuwa amekwisha amka.
Siinui macho. Samaki mwingine amefika.
Naufuata mfupa hadi mkiani,
natazama alipo Ayebare,
kisha nakata mshazari
zaidi kidogo kuliko jana.