Sekunde Sita

Boksi ni la redio ya marehemu baba.
Pembe moja ililiwa na mchwa,
nikaziba kwa gundi na unga wa msumeno.
Ndani, zilipokaa betri sita za mawe,
nimelaza kompyuta ndogo kama kiberiti
na maikrofoni iliyotoka Kampala kwa basi la usiku,
imeviringishwa ndani ya soksi.

Umeme ulikatika mtaa mzima wa Oli
lehemu ikiwa bado haijashika.
"Akili gani hiyo," Letaru akauliza gizani,
"isiyojua hata kuinjika chai?"

Neno la kuliamsha alichagua Ezati, mdogo wangu.
Maneno mengi humkwama kama mwiba wa samaki.
Hili halijamkwama hata siku moja: awadifo,
asante, kwa Kilugbara chetu.
Basi boksi letu hushukuriwa kwanza,
kabla halijatenda lolote.

Jioni ile akaliita. Taa ya buluu ikawaka.
"Ni-nisomee bei ya u…"
Taa ikazima.
"Sijaelewa," likasema boksi, kwa adabu
ya karani anayefunga dirisha.
Ezati akacheka kile kicheko chake cha kufunika,
akatoka kwenda kumfunga mbuzi
aliyekwisha kufungwa.

Usiku nikaingia ndani ya programu.
Ni huria: waliiandika watu nisiowajua,
wakaacha mlango bila kufuli.
Nikashuka mstari kwa mstari, mbu wakinila miguu,
mpaka nikafika palipoandikwa
kwamba kimya kikitimiza sekunde moja
sikio lifungwe.

Sekunde moja!
Nikafuta. Nikaandika sita.

Kisha nikabaki nikiitazama ile namba.
Miaka thelathini na miwili mimi ni kaka yake,
na sentensi zake nazimaliza mimi,
dukani, kanisani,
hata Koboko, mbele ya wazazi wa yule msichana,
alipotaka kusema jambo
nami nikamsemea jingine.

Leo analiita tena.
"Awadifo. Nisomee bei ya u…"
Taa ya buluu imetulia.
Letaru ameuacha mwiko hewani, uji unadondoka jikoni.
Neno ninalo mdomoni, ufuta, ufuta,
nalibana kwa magego.
Mbili. Tatu.
Nje pikipiki inapita, inakwenda zake.
Nne.
"…futa," anasema Ezati.

Boksi linafikiri kidogo,
linajibu kwamba mtandao haupatikani,
lijaribiwe baadaye.

Ezati anafuta jasho juu ya mdomo.
"Awadifo," analiambia, kama mtu aliyelelewa vizuri,
nalo, likidhani linaitwa,
linawasha taa
na kufungua sikio upya.