Siku ya Tatu

Nevenka alisema: baba, chagua vitakavyoenea gari moja.
Nikachagua kiti cha mbao, redio, blanketi la Justina,
na tupa zangu kumi na mbili ndani ya mkoba wa ngozi.
"Tupa za nini huko?"
Sikumjibu. Nilikuwa nafunga nyumba.

Kufunga nyumba si kuzungusha ufunguo.
Mlango unauvuta kwanza, kidogo, uje kwako,
kama unamsihi mtu asiondoke na hasira,
ndipo ulimi wa kitasa unakubali.
Kitasa kile nilikitia majira mto Drava uliganda kingo zote mbili,
Justina akiwa na mimba ya huyuhuyu
anayenisubiri garini,
akiwasha wipa, akizima wipa.

Miaka arobaini na mmoja nimewafungulia watu wa Maribor:
walevi, wajane, benki moja siku ya Jumapili,
kasisi aliyejifungia nje ya kanisa, bibi harusi keshafika.
Ungeniuliza mlango ni nini, ningekuwa na jibu.

Sasa nimepewa chumba 214.
Dirisha linatazama maegesho, na nyuma ya maegesho
mlima Pohorje, umejifunika theluji hadi kidevuni.
Mlango ni mwepesi kama kifuniko cha boksi la viatu.
Kitasa (nilikikagua kabla ya kitanda)
ni cha kiwandani, pini tano,
mtoto mwenye subira angekifungua kwa kibanio cha nywele.
Na Blanka, muuguzi, ana ufunguo mmoja shingoni
unaoingia vyumba vyote tisini.
"Ni kwa usalama wako, bwana Hrastnik."
Najua.
Maneno hayo niliyauza mwenyewe, kwa bei nzuri.

Usiku wa kwanza niliegemeza kiti mlangoni.
Saa nane Blanka akaja kutazama kama napumua.
Kiti kikaanguka, tukapiga yowe wote wawili,
na mzee wa 216 akagonga ukuta kwa fimbo.
Hivyo ndivyo nilivyojulikana.

Siku ya pili nikakuta soksi zangu zimeshonwa jina
kama za mtoto wa bweni.
Nikala supu ya uyoga kwenye nafasi ambayo,
niliambiwa baadaye, ilikuwa ya Alojz hadi mwezi wa pili.
Hakuna aliyesema niondoke.
Hakuna aliyesema nikae.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe sikupewa.
Alikuja Bi Otilija wa 209 akisukuma kigari chake cha kutembelea,
juu yake kisanduku cha chuma,
kimefungwa tangu mumewe afe.
"Ufunguo umepotea, au alizikwa nao.
Nimemuuliza. Hasemi."

Nikanawa mikono. Nikafungua mkoba.
Vidole vilitetemeka, vilevile kama vinavyotetemeka na kijiko,
lakini kufuli halina haraka,
halikuhesabii miaka, halikuiti "babu yetu".
Kazi ya dakika nne ilinichukua saa nzima na chai mbili.
Chumba kikajaa: watu sita, fimbo tatu,
yule wa 216 akitoa ushauri, wote mbovu.

Kikafunguka.
Hakukuwa na dhahabu, hakukuwa na barua ya mapenzi.
Risiti za umeme. Mbegu za maboga ndani ya bahasha.
Na chini kabisa, umefungwa kwa uzi mwekundu,
ufunguo wa akiba wa kisanduku hichohicho.

Otilija alicheka mpaka akaketi kitandani kwangu,
juu ya blanketi la Justina,
nami nikataka kusema kitu, nisikiseme.
Akazimwaga mbegu kiganjani, akazihesabu.
"Bwege huyu," akasema, na sauti ikamponyoka.

Jioni Nevenka alipiga simu.
"Baba, umeshazoea?"
"Hapana," nikamwambia,
"na ongea upesi, mlango uko wazi,
kuna mtu wa 216 amesimama hapa
na droo nzima mikononi."