Kipimo cha Kiwiko

Fundi Chilongani amekuja na tepu yenye kutu,
penseli kaichomeka sikioni,
viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa.
Hapo nikamwamini kidogo.
Aliyemtangulia aliipokea advansi yangu na buti zake miguuni,
akasema anafuata vigae Singida.
Mpaka leo Singida haijamrudisha.

Tumekaa juu ya ndoo, jikoni kwangu, Nkuhungu,
upepo wa Julai unasukuma vumbi chini ya mlango,
naye ananichorea jiko jipya mgongoni mwa mfuko wa saruji:
sinki hapa, kabati pale, meza ya marumaru ukuta mzima.
Penseli haina shida ya pesa.
Mimi nina mafao ya ualimu, na nusu imeliwa na bati.
Marumaru futa, namwambia. Terazo inatosha.
Anafuta kwa kidole na mate,
marumaru inabaki doa.

"Na bomba la maji ya moto, mama?"
Fundi, hata ya baridi huja Jumanne na Ijumaa,
nayo yana chumvi, yanaacha ukoko mweupe birikani.
Nipe kwanza pa kupanga madumu manane.
La moto wapelekee waliohamia na wizara.

"Hili jiwe la kusagia tunalitoa?"
Halitoki.
"Litaziba kabati."
Basi kabati lilizunguke, lilikuta jiwe hapa.

Anaandika: *jiwe*. Anapiga mstari chini yake mara mbili.

"Dirisha je?"

Dirisha alijenga marehemu, likizo ya themanini na saba.
Madeje alikuwa mrefu kama nguzo ya simu,
akapima kwa macho yake,
na macho yake yalikuwa kule juu.
Tangu hapo naosha vyombo nikitazama tofali.
Nikitaka kujua kama wingu limefika Mlimwa
napanda kreti la soda.
Anayepiga hodi namjua kwa kikohozi.

Sikumwambia.
Nyumba ilikuwa mpya, naye alikuwa akiipapasa kuta
kama mtu anayemkagua ndama wake wa kwanza.
Ukimsahihisha mtu aliyefurahi unaonekana huna shukrani.
Ukapita mwaka.
Kisha ikawa ndivyo dirisha lilivyo.

"Simama hapa," anasema Chilongani.
"Kunja mkono, kama unasugua sufuria."
Anapiga goti, anakanyaga ncha ya tepu,
anaipandisha taratibu hadi kiwikoni, hanigusi.
"Tisini na nane."

Nimepimwa sana katika umri huu.
Zahanati wamenipima presha, kwaya wamenipima joho,
benki wamenipima mshahara kabla ya kuninyima mkopo.
Hakuna aliyenipima
ili ukuta unifuate mimi.

Nimegeuka, nikajifanya natafuta chai.

Kulishusha, anasema, ni laki nne juu ya hesabu.
Nami namwambia mbili na nusu.
"Mama, linta hii ina nondo za milimita kumi na sita!
Mzee alikuwa anategemea vita?"
Tumecheka mpaka kuku wakakimbia.
Tukafungia laki tatu, na uji wa uwele kila asubuhi,
na vifusi abebe yeye.

Ameondoka na mchoro umekunjwa kwapani.
Ukutani ameacha alama ya penseli, fupi, nyeusi,
mahali ambapo dunia itaanza.
Nimeweka kiwiko hapo. Nimekiacha muda.
Madeje, usinione mbaya: nyumba ni ile ile,
nashusha macho yake tu.

Kreti la soda nimelitoa nje, nikaliegemeza kwenye simtanki.
Halafu nikalirudisha ndani.
Kasema anaanza Jumatatu,
na Jumatatu za mafundi nazijua.